Picha Kumi na Tisa za Koti Moja

Théodore hakubisha hodi. Aliingia studio akiwa na sare yake ya ulinzi, akausukuma mlango kwa kisigino ukajifunga, akaweka picha juu ya kaunta. Akaigonga kwa kidole mara mbili.

"Huyu nani, Papa Ruphin?"

Ruphin hakuhitaji kuinama ili aione. Alikuwa akiitafuta picha hiyo tangu Jumapili, chini ya meza, kwenye pipa la taka, hata ndani ya mifuko ya suruali chafu. Kijana mwenye ndevu chache kidevuni, koti jeusi, tai nyekundu, macho yametulia. Kwenye nyusi ya kushoto, kovu dogo.

"Mteja," alisema.

"Wateja wana majina."

"Na mimi nina kazi. Unataka kupigwa picha au umekuja kuniuliza maswali?"

Théodore aliigeuza. Nyuma kulikuwa na muhuri wa studio, tarehe ya Jumamosi iliyopita, na mwandiko wa Ruphin, herufi kubwa kubwa za mtu aliyeacha shule darasa la sita: ARNAUD, NAMBA 19.

"Hilo kovu nalijua," Théodore alisema. "Alianguka kwenye ngazi za nyumba yetu Rumonge, mimi ndiye niliyembeba mgongoni hadi kwa daktari. Na uso huu ni wa baba yetu. Nilipouona kanisani nilidhani mtu amemtoa mzee kaburini akamvalisha koti lako. Kwetu hakuna Arnaud. Huyu ni Emérite, mdogo wangu wa kike. Yuko wapi?"

Ruphin alijifanya anafuta lenzi.

Kosa lilikuwa lake, hakuwa na wa kumsingizia. Kanisani kwao Turffontein picha za ibada hazigawiwi kwa simu. Ruphin huzichapa Jumamosi, na Jumapili hufunga kamba kwenye uzio karibu na geti, akazibana kwa vibanio vya nguo, na watu wakitoka ibadani wanajitafuta. Anayejiona anajitoa kwenye kamba. Wapo ambao mahubiri hawayasikii, wanasubiri kamba tu. Jumamosi iliyopita alichapa picha za ubatizo pamoja na hiyo namba 19, zikalala kwenye trei moja. Asubuhi yake akazibana haraka haraka, na ile ilipopita mkononi mwake hakushtuka hata kidogo. Aliona kijana amependeza, kama vijana wengine waliozamishwa majini wiki ile. Mwaka mmoja na nusu uliopita asingeweza kukosea namna hiyo.

Siku ya kwanza alikosea kinyume. Pale studio, mtaa wa Jeppestown, kuna misumari miwili ukutani. Mmoja una blauzi nyeupe ya wanawake, mwingine una koti jeusi la wanaume na tai yake iliyokwisha fungwa. Watu hutoka kwenye magereji na ovaroli za grisi, hutoka saluni na nywele za wateja mabegani, wakavaa cha msumarini, wakapigwa picha ya kutuma nyumbani, wakakirudisha. Nusu ya Wakongo na Warundi wa mji huu mama zao wanawajua kwa koti lile. Siku hiyo aliingia mtu ambaye wakati huo wote walimwita Emérite, kitambaa kichwani, mdomo umevimba. Ruphin akampa blauzi. Yule akanyoosha mkono akachukua koti.

"Hilo la wanaume," Ruphin alimwambia.

"Najua."

Akamweleza shida yake bila kuzunguka. Jina lake ni Arnaud, ameanza dawa za homoni kliniki, uso wake utabadilika, naye anataka apigwe picha kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kiti kile kile, koti lile lile, mpaka atakaposema basi.

"Mimi mtu wa kanisa," Ruphin alijibu. "Sikuelewi hata kidogo."

"Sikukuomba unielewe, mzee. Nimekuomba unipige picha."

Jibu hilo lilimpendeza Ruphin, maana yeye mwenyewe husema hivyo hivyo. Akampiga. Na mwezi uliofuata akampiga tena. Hajawahi kusema anaelewa. Lakini picha anazielewa, na miezi ilivyokwenda aliona mtu anakaa kwenye uso wake pole pole, kama mpangaji anayeingiza vitu vyake chumbani kimoja kimoja.

Sasa picha zilikuwa kumi na tisa, ndani ya bahasha ya kaki, kwenye droo ya pili. Kesho, Ijumaa asubuhi, Arnaud alitakiwa ofisi ya wakimbizi. Karatasi yake ya hifadhi ina picha ya msichana mwenye rasta ndefu, na mara mbili maofisa walishamwambia: huyu si wewe, umeiba karatasi ya mtu. Hii ilikuwa mara ya mwisho. Wakili wa shirika moja alimwambia alete picha zote, zenye muhuri na tarehe za siku yenyewe, ofisa aone uso ulivyotembea kutoka ule wa karatasi hadi huu wa leo. Picha ya kwanza ndiyo iliyofanana na karatasi. Bila hiyo, zilizobaki ni za kijana fulani tu asiyejulikana. Na hakukuwa na nakala. Kompyuta ya zamani iliibwa mwaka jana pamoja na kufuli la mlango. Kati ya zile kumi na tisa, Ruphin aliweza kuchapa upya sita za mwisho tu. Ndiyo maana hiyo namba 19 ilipopotea alichapa nyingine Jumatatu, akaona mambo yameisha.

Arnaud hakuziweka kwake kwa sababu kule Berea analala chumba kimoja na watu wanne, na wawili kati yao wanapekua. Angezifuata leo saa tisa. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na robo.

"Sijui anakaa wapi," Ruphin alisema, na huo ulikuwa ukweli nusu. Jengo analijua, chumba hakijui.

"Sawa." Théodore alivuta kile kiti cha wateja katikati ya taa, akakaa. "Hii ni namba 19. Zile nyingine anakuja kuchukua lini?"

"Nyingine zipi?"

"Papa Ruphin, mimi nasimamia walinzi thelathini. Nikiuliza swali unaangalia droo."

Simu ya Ruphin ilikuwa ikichajiwa mwisho wa kaunta. Théodore alirefusha mkono akaifunika kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemfunika kuku kwa kikapu.

"Jumamosi kuna harusi ya Gradi na Héritière," akaendelea. "Nani anamchagua mpiga picha?"

"Wewe. Kamati ya sherehe ni yako, na geti."

"Na ubatizo wa mwezi ujao? Na ile kamba yako, nani aliyekuruhusu kuifunga kwenye uzio? Simtishi mtu mzima. Nakukumbusha tu."

Ruphin hakuwa shujaa, wala hakujidanganya. Robo tatu ya kazi zake zilitoka kanisani. Mke wake Agnès aliimba kwaya pale. Akawaza kusema tu, anakuja saa tisa, mmalizane wenyewe, ugomvi wa ndugu haunihusu. Akaacha, kwa sababu alikumbuka ule mdomo uliovimba, na hakuwahi kuuliza nani aliufanya vile.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Jocelyne, msusi wa kona ya pili, kucha za kijani, kicheko kimemtangulia.

"Jamani, polisi wamehamia humu! Papa Ruphin umefanya nini?" Akamtazama Théodore kwenye kiti. "Kaka, mbona umekaa kama unasubiri kunyolewa? Inuka, nataka picha mbili za pasi, nina mteja kichwa nusu kule."

Théodore aliinuka, lakini kiganja hakikuondoka juu ya simu. Jocelyne akavuta blauzi nyeupe msumarini, akainusa.

"Eish, hii nani aliivaa? Ina kitunguu."

"Vaa, haitanuka kwenye picha," Ruphin alisema. Akampiga, akachapa, akakata. Alipompa akainama karibu, akasema kama jambo dogo: "Ukipita kule chini, mwambie fundi wa cherehani leo nimefunga. Asije."

"Fundi yupi? Wako kumi."

"Yule wa zipu."

"Fundi gani huyo?" Théodore aliuliza. "Mbona hujafunga?"

Jocelyne aliwatazama wote wawili, akaacha kucheka, akachukua picha zake akatoka bila kuaga. Haikujulikana kama ameelewa.

"Kumbe anashona," Théodore alisema. "Tena hapa hapa Jeppestown. Mimi nimemwambia mama kwa simu kwamba Emérite ameolewa Durban. Kila Jumapili ananiuliza, amezaa? Nasema bado, mama, tuombe. Unajua ni kazi gani, kudanganya mtu wa miaka sabini kila wiki? Na kumbe yuko mwendo wa dakika kumi, anatia watu zipu, ana ndevu!"

"Mwendo wa dakika kumi miezi yote hii, na hukuwahi kumtafuta," Ruphin alisema.

"Usinifundishe ndugu yangu."

"Unataka umfanye nini akija?"

"Nitampeleka nyumbani kwangu. Ataombewa. Atavaa kama watu. Na hizo picha nitazichoma, maana mtu mwingine wa Rumonge akiziona, mimi ni nani tena pale kanisani?"

Hapo ndipo Ruphin alipofanya jambo ambalo baadaye alijilaumu. Alifikiri: mimi nilibadilika kwa kuziona. Huyu ni ndugu wa damu. Akiziona zote kwa mpangilio, hasira itashuka. Akafungua droo ya pili mwenyewe, akatoa bahasha, akaanza kuzipanga juu ya kaunta kutoka juu, yaani kutoka namba 19 kurudi nyuma.

"Tazama basi. Kabla ya kuchoma, tazama."

Théodore alitazama. Kumi na nane, kumi na saba. Koti lile lile, kiti kile kile. Kufikia namba 14 aliivuta picha karibu.

"Hapa amekonda."

"Alifukuzwa chumba. Alikuwa analala karakana, chini ya meza ya kukatia."

Kumi na mbili. Kumi. Ndevu zikapungua, shingo ikapungua. Namba tisa alikuwa anacheka, ndiyo pekee ya kicheko, na kifungo cha juu cha koti kilikuwa cha kahawia badala ya cheusi.

"Siku hiyo alikishona mwenyewe hapa hapa," Ruphin alisema. "Kilikuwa kimedondoka mwaka mzima. Akasema hawezi kuendelea kuvaa koti la aibu."

Théodore alitabasamu kidogo bila kutaka. Ruphin akaona inafanya kazi. Akaongeza mwendo: sita, tano, nne. Uso ukazidi kuwa ule ambao Théodore aliujua. Tatu. Mbili. Ruphin akaweka ya kwanza mwisho wa mstari, na hapo hapo akatamani aing'oe.

Mdomo uliovimba. Upande wa chini umechanika, damu imekauka. Taa ya studio haikuwa imeficha kitu.

Théodore aliichukua. Hakutazama uso, aligeuza nyuma akasoma tarehe. Akahesabu kitu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha uso wake ukafungwa kama geti.

"Hii ni kesho yake," alisema polepole.

Ruphin hakuuliza kesho ya nini. Aliutazama ule mkono mnene ulioshika picha, akaelewa.

"Hizi zinakwenda wapi?" Théodore aliuliza.

"Ofisi ya wakimbizi. Kwa wakili."

"Kwa wakili." Akairudia mara ya pili. "Basi hii haiendi."

"Rudisha hapo. Ni ya mteja."

"Zilizobaki mpe. Mimi nachukua hii moja tu."

"Ukichukua hiyo umechukua zote. Hiyo ndiyo inayofanana na karatasi yake. Bila hiyo kesho wanamwambia ni mwizi."

"Atakuja kwangu, nitamtafutia karatasi nyingine." Théodore alikuwa tayari ameanza kuikunja, kidole gumba upande huu na kidole gumba upande ule.

Mlango ukafunguka tena. Saa tisa kasoro dakika tano. Arnaud alisimama kizingitini, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni. Aliona sare, akaona kaunta, akaona mkono wa kaka yake. Hakuingia, hakukimbia.

"Jocelyne ameniambia nisije," alisema. Sauti yake ilikuwa nzito, na Théodore aliposikia alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. "Lakini kesho ni Ijumaa. Ningekuja lini?"

"Emérite."

"Hujambo, kaka."

"Ona ulivyojifanya."

"Na wewe ona unachoshika. Iweke chini."

"Unataka kunipeleka polisi?"

"Nataka kuongeza muda wa karatasi yangu. Mdomo wangu ulikuwa hivyo siku hiyo, sikuwa na mwingine wa kuja nao."

Théodore alipumua kwa pua. Vidole gumba vikakaza. Karatasi ya picha ikalia kidogo, mkunjo mweupe ukatokea pembeni. Arnaud alipiga hatua moja mbele, Théodore naye akajitanua, na chumba kile cha mita nne kikawa kidogo kuliko choo.

Ruphin hakuwa na nguvu za kupigana na mtu yule. Alikuwa na kamera shingoni, hiyo tu. Akainyanyua. Flashi ikawaka, nyeupe, ukuta mzima.

Théodore alipepesa macho. "Unafanya nini?"

"Kazi." Ruphin hakushusha kamera. "Ichane. Nitapiga unavyoichana, nitaichapa, nitagonga muhuri na kuandika jina na tarehe. Itaingia kwenye bahasha mahali pa hiyo. Sisi hapa tunaweka kila kitu kwa mpangilio."

"Jumamosi huna harusi."

"Najua."

"Huna kanisa."

"Kanisa si lako, Théodore. Lako ni geti tu." Akapiga tena. "Hiyo ya pili. Hapo umetoka vizuri, mkunjo unaonekana."

Nje, kwenye karakana ya jirani, mtu alikuwa akikata chuma. Kikalia kirefu kisha kikanyamaza. Théodore alitazama lenzi. Akatazama picha mkononi, safari hii uso, ule mdomo. Kisha akaiweka kaunta, mwisho wa mstari, akainyoosha kwa kiganja kama mtu anayepiga pasi. Mkunjo haukutoka.

Akachukua ile namba 19 aliyokuja nayo, ile ya kamba.

"Hii ninayo tayari," alisema bila kumtazama mtu. "Mama hajaona uso wa mzee miaka mingi."

"Ina jina nyuma," Arnaud alisema. "Ukiitaka, sema ya nani."

Théodore aliigeuza, akalisoma jina. Akaiacha picha juu ya kiti cha wateja, akampita ndugu yake mlangoni kwa ubavu ili asimguse, akaondoka kuelekea kwenye robot, zile taa za barabarani za kona, mabega yamepanda.

Arnaud alikusanya picha moja moja, ya kwanza juu. Vidole vya fundi, lakini namba tano ilimwanguka mara mbili.

"Wewe ndiye uliyemwonyesha?" aliuliza.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilidhani watu wote wanaona kama mimi."

Arnaud alifunga bahasha. "Usifanye tena, mzee."

"Sifanyi."

Ijumaa saa saba mchana Arnaud alipiga simu. Ofisa alikuwa amezipanga mezani kwa mistari miwili, akaziangalia muda mrefu, akaita mwenzake. Halafu akauliza kuhusu ile ya kwanza, nani alimpiga hadi mdomo ukavimba.

"Ukasemaje?" Ruphin alidakia.

"Nimesema nilijigonga kwenye mlango."

"Mlango! Miezi yote hii nimekulindia ile picha, unasema mlango?"

"Nilikwenda kutafuta karatasi, Papa Ruphin. Nimepewa. Ina uso wangu." Akakata.

Jumamosi hakuna aliyempigia Ruphin kuhusu harusi. Alifungua studio kama kawaida, akapiga picha mbili za pasi, akakaa. Agnès alirudi jioni akasema mpiga picha alikuwa kijana mmoja wa Rosettenville, na kwamba kwenye geti hapakuwa na kamba. Chakula kilikuwa baridi.

Jumatatu asubuhi aliingia Marcelline, mke wa Théodore, amevaa miwani ya jua, mkoba umebanwa kwapani. Alisalimia kwa adabu, akauliza habari za Agnès, akaangalia ile misumari miwili kana kwamba amekuja kununua nguo.

"Kuna picha ilibaki hapa," alisema hatimaye.

"Picha nyingi zinabaki hapa, mama. Ya nani?"

Marcelline aligeuka akatazama mlango, kisha dirisha. Nje, ng'ambo ya barabara, gari lilikuwa limesimama, injini inanguruma, na nyuma ya usukani alikaa mtu mwenye sare akitazama mbele tu.

"Ya Arnaud," alisema.

Ruphin akaitoa namba 19 kwenye droo, akaitia ndani ya bahasha mpya, akampa.